Vioo Vyepesi vya Njia ya Mudende

Gari la Faradji lilikwama kwenye kona ya mikaratusi, kabla hata ya nusu ya njia ya kupanda Mudende. Ndani hapakuwa na abiria. Alikuwamo Faradji mwenyewe kwenye usukani, na nyuma yake magunia matatu ya viazi. Mimi nilikuwa nikifuata kwa miguu, jiwe mkononi, tayari kulitia nyuma ya gurudumu.

Magunia hayo tulikuwa tumeyapa majina. Moja lilikuwa Languida, mchumba wangu. La pili, lililojaa kupita mengine, lilikuwa shangazi yake, Nyirahabimana. La tatu lilikuwa zawadi za kupeleka ukweni.

Nikatia jiwe. Faradji akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, mi nilikuambia. Hii gari iko na moyo, lakini haina mapafu."

"Tuteremshe gunia moja, tuone."

"Gani? Bibi-arusi ao shangazi?"

Tukamteremsha shangazi, tukamlaza kando ya barabara. Gari likapanda kama mbuzi.

Faradji alirudi akicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilijua kwamba shangazi wa kweli halazwi kando ya barabara.

Huo ulikuwa mwaka 1956. Nilikuwa seremala pale Gisenyi, na karakana yangu ilikuwa nyuma ya soko. Jioni nilikwenda kwa mapadri kujifunza Kifaransa na hesabu, na mambo hayo mawili yalinifanya nijione mtu wa zama mpya. Baba yangu, Munyakazi, mkulima wa viazi kule Mudende, alitaka bibi-arusi aletwe kwa machela, mabegani mwa vijana, kama alivyoletwa mama yangu. Mimi nikasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili nikasema kwamba mke wangu atakuja kwa gari. Kwetu hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Wazee wakamgeukia shangazi yake Languida, wasikie atasema nini.

Nyirahabimana alikuwa muuza samaki wa Nyamyumba, kando ya ziwa. Ndiye aliyemlea Languida tangu mama yake alipofariki. Alizungumza polepole, kama mtu anayepanga samaki kwenye ungo.

"Gari lenu mi silikatai," alisema. "Lakini sikilizeni. Mutoto wangu akishatoka mulangoni kwangu, muguu wake haugusi udongo mpaka mukeka wa nyumba yenu. Hivyo ndivyo nilipelekwa mimi. Ukigusa, narudi naye Nyamyumba, hata kama padri alishawafungisha. Na mi nitakaa pembeni yake njia yote. Mutoto hatumwi kama kifurushi."

Basi mambo yakawa hivyo. Kwenye mlima bibi-arusi hawezi kushuka, na shangazi hawezi kuachwa. Na gari la Faradji, ambalo yeye alilinunua kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyerudi Ulaya, lilizoea kupeleka watu kati ya soko letu na Goma, ambako njia haina mlima wa kutisha. Magari mengine ya watu weusi mjini yalikuwa malori, na shangazi alishasema kwamba lori ni la mizigo.

Aliyetuonyesha njia ni Abdu, ndugu yake Faradji. Abdu alikuwa akifagia kwenye uwanja wa ndege wa Goma. Jumapili moja alitukuta tumekaa kwenye benchi langu, tunalitazama gari kama ng'ombe mgonjwa. Akatoa kwenye mkoba wake kipande cha kitu kinachong'aa, akakitupa chini kwenye mawe meusi. Nilifumba macho nikingoja kisikike kikivunjika. Hakikuvunjika. Kiliruka tu, kikalala.

"Madirisha ya ndege ndogo, si kioo," Abdu alisema. "Ni pleksi, plastiki ngumu. Kioo ni kizito, ndege ingebaki chini."

Nikakiokota. Kilikuwa chepesi kama kifuniko cha kikapu, na nilipokiweka mbele ya jicho nikaliona soko lote, hata nzi kwenye ndizi. Faradji alikuwa ameshainuka, anagonga kioo cha mlango wa gari lake kwa kidole.

"Hii voiture imebeba madirisha miaka yote," alisema. "Nani alisema lazima ibebe?"

Kwenye banda la uwanja wa ndege kulikuwa na bamba za pleksi zilizobaki. Msimamizi wa banda alikubali kuziachia kwa kabati ambayo mke wake alikuwa akiitaka. Nikatengeneza kabati. Abdu na Faradji wakaja na bamba hizo juu ya paa, zimefunikwa karatasi ya gundi pande zote mbili.

Tulitoa vioo vya milango minne na kile cha nyuma. Cha mbele tulikiacha, maana mawe ya barabara hayana adabu. Tukatoa na vile vyuma vya kupandishia na kushushia vioo, vilivyokuwa vimejificha ndani ya milango. Tukavipeleka vyote kwenye mizani ya muuza viazi, tukavipima pamoja na lile gunia kubwa. Vioo na vyuma vyake vilifika karibu nusu ya gunia.

"Bon," Faradji alisema. "Tumeondoa nusu ya shangazi. Ya juu ao ya chini?"

Nusu nyingine tuliitafuta. Tulitoa gurudumu la akiba, sanduku la vyuma na bampa ya nyuma. Faradji alitoa hata ubao mnene uliokuwa chini ya miguu ya abiria, nikaweka mbao nyembamba.

Kuikata pleksi kulinifundisha subira. Ukikata haraka, inapata moto, inayeyuka na kuushika msumeno. Nilikata kwa msumeno mwembamba, kidogo kidogo, nikimwagia maji. Nilizifunga kwa skrubu kwenye vipande vya mbao, zisiweze kushuka wala kupanda. Mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa umepinda kidogo, na kwenye pembe moja pakabaki nafasi ya kupita kidole. Nilisema nitaiziba kwa mpira nikipata wakati.

Tulijaribu tena na magunia yetu matatu. Gari likapita kona ya mikaratusi bila kulalamika. Likapita daraja la mbao. Kwenye kona ya mwisho, chini ya shamba la baba, maji yalianza kuchemka kwenye rejeta, lakini likafika uani, likazima lenyewe kama mtu aliyemaliza kazi. Faradji alishuka akalibusu gunia la shangazi.

Siku moja kabla ya harusi, uani kwa Faradji, nilibandua ile karatasi ya gundi. Pleksi ilikuwa safi kama hewa. Faradji aliita majirani, akamwambia kila mmoja apige kwa ngumi. Gari likajaa alama za mikono ya watu waliokuwa wakila mandazi. Saidati, mke wa Faradji, mwanamke asiyeweza kuvumilia uchafu, alingoja watu waondoke, kisha akaamua kutusaidia.

Wote mnajua jinsi mke mzuri anavyosafisha kioo cha taa ya mafuta. Anachukua jivu laini la jikoni, kitambaa kibichi, anasugua hadi kioo kiimbe. Saidati alisugua madirisha yote matano. Alisugua ndani, akasugua nje. Kisha akayamwagia maji, akarudi nyuma kuyatazama, akaanza kupiga kelele.

Nilifika mbio. Pleksi ilikuwa imekuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagwa majini. Ukiweka mkono nyuma yake uliona kivuli tu, hujui ni mkono au ni jani la mgomba.

"Haitoki!" Saidati alikuwa akilia. "Navyosugua ndivyo inazidi!"

"Mama watoto," Faradji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na maiti, "basi usisugue tena."

"Si ulisema ni kioo?"

"Nilisema ni kama kioo."

"Kama! Ungesema si kioo, ningeacha!"

Tulijaribu mafuta ya mawese, tukajaribu dawa ya meno. Kwa kutumia dawa ya meno na kitambaa cha flaneli nilifanikiwa kurudisha nafasi ndogo kwenye mlango wa dereva, kama ukubwa wa sahani, ili Faradji aweze kuona nyuma ya gari. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Ndipo tukasikia sauti mlangoni.

"Hodi. Nimekuja kutazama machela yenu ya chuma."

Alikuwa Nyirahabimana. Amevaa kitenge kipya, mkononi ana viatu vipya vya harusi, kwa sababu njiani hakutaka kuvichakaza. Faradji alinong'ona, "Tumekwisha." Saidati alikimbilia jikoni.

Shangazi alilizunguka gari. Aligusa dirisha kwa kucha. Aligonga.

"Hii ni nini?"

Nilimweleza yote, kwa adabu, nikianza na uzito wa vioo. Nilipofika kwenye magunia, Faradji alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Yewe! Mumenipima kwa viazi?"

"Shangazi, ilikuwa kwa heshima," Faradji alisema. "Tulichukua gunia la viazi vya Mudende. Vile vizuri."

"Na mutoto wangu alikuwa gunia gani?"

"Lile dogo."

"Dogo kiasi gani? Munataka watu waseme nilimunyima chakula?"

Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa. Akafunga. Tuliona kivuli kikubwa kikigeuka huku na huku. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia baba, kwamba awaite vijana wa machela.

Mlango ukafunguka.

"Muko munaniona nikiwa ndani?"

"Kivuli tu, Shangazi."

"Uso?"

"Hapana."

Akashusha pumzi. "Mi nimekosa usingizi wiki nzima," alisema. "Nilikuwa najiuliza, sasa wataipitisha hiyo gari sokoni, kila mulevi ataweka pua kwenye kioo amuchungulie mutoto wangu. Machela iko na mikeka pande zote. Gari iko na nini?" Alipiga lile dirisha kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng'ombe aliyemnunua. "Hii ni muzuri. Nani alifanya hii?"

Saidati alitoka jikoni, akijifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Ni mimi, mama."

"Mungu akubariki. Umeelewa mambo ya bibi-arusi kuliko hawa wanaume."

Faradji alinitazama.

Padri alitufungisha asubuhi. Baadaye, kama desturi ilivyotaka, Languida alirudishwa kwa shangazi yake kuvikwa nguo za safari, na mimi nikatangulia Mudende kumngoja. Baba na wazee walikaa kwenye viti vya uani. Mama alikuwa na mkeka mpya mlangoni, umekunjwa bado, maana hukunjuliwa kuelekea miguuni mwa bibi-arusi akishafika. Mawingu yalikuwa yakishuka kutoka kwenye volkano.

"Machela ingekuwa imeshafika," baba alisema.

Nilikuwa nasikiliza. Mwishowe nilisikia injini, mbali chini, ikinguruma kwa gia ya kwanza. Niliifuata kwa masikio: mikaratusi, daraja. Kisha ikanyamaza.

Ilinyamaza muda mrefu hata wazee wakaacha kuongea. Nilijua ni kona ya mwisho. Nikawaza gurudumu, nikawaza rejeta, nikamwona Languida amesimama kwenye tope na shangazi akimshika mkono kurudi Nyamyumba. Nilikuwa nimeanza kushuka mbio injini ilipolia tena, kwa hasira. Gari likatokea kwenye migomba, likiyumba, moshi mweupe ukitoka kwenye boneti. Likaingia uani, likasimama. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nyuma ya pleksi niliona kivuli kimoja.

Faradji alishuka, akanijia. "Fundi, usiniulize hapa."

"Shangazi yuko wapi?"

"Iko chini. Anakuja." Akanivuta kando. "Yule mama alileta kapu la samaki wakavu, kubwa kama mutumbwi, na mutungi wa pombe. Alisema haendi kwa wakwe mikono mitupu. Mi ningesema nini? Gari imepanda, imepanda, na kwenye ile kona imechemuka. Nikashuka kutia maji. Kuondoa tena, haiendi. Inarudi nyuma! Nikawaza, mi namuambia nini huyu mama? Donc, namusikia yeye mwenyewe anafungua mulango. Anashuka kwenye tope. Ananiambia, 'Peleka mutoto. Ukisimama njiani nitakuua.' Basi sikusimama."

"Na samaki?"

"Ameshuka na kapu pia. Liko kichwani."

Baba alikuwa amekaribia, naye akasikia. Tone la kwanza la mvua liliangukia paa la gari.

"Mukaribishe mutoto wa watu ndani," aliniambia. "Mvua hii hapa. Mama yako atatandika mukeka, mambo yaishe. Shangazi atakuja akute tumeshamaliza."

Lilikuwa jambo la akili, na alikuwa baba yangu, na watu wote walikuwa wakitazama. Nilisogea kwenye mlango wa nyuma. Kabla sijagusa kishikio, sauti ikatoka ndani.

"Usifungue."

Tangu asubuhi tulikuwa mume na mke, na hilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia.

"Mvua inakuja," nilisema.

"Ije. Shangazi amesema mlango huu utafunguliwa na mkono wake. Ameshuka kwenye tope kwa ajili yangu. Nikishuka bila yeye, nitakuwa nimefika kama kifurushi."

Baba alisikia pia. Alisimama akiutazama ule weupe wa dirisha, mvua ikimdondokea kwenye kofia. Kisha akawageukia wazee. "Tunangoja," alisema. "Huyu amelelewa." Wazee wakahamia barazani. Mimi nikabaki pale pale kwenye mvua.

"Ni wewe uliyekata dirisha hili?" Languida aliuliza.

"Ni mimi."

"Pembe hii ya huku imenipigia filimbi njia nzima. Shangazi alidhani ni mimi. Alinifinya."

Nilicheka, naye akacheka. Niliona kivuli cha mkono wake kikija juu ya pleksi, vidole vitano, vimetulia. Nikaweka wangu upande wa nje. Pleksi haina ubaridi wa kioo. Baada ya muda kidogo niliona kwamba imepata joto, na sikujua kama ni la mkono wangu au la kwake.

"Una kiu?" nilimuuliza.

"Sana. Humu ndani ni kama tanuri. Mafundi wengine hutengeneza madirisha yanayofunguka."

Nilikwenda kwa mama, nikaomba kibuyu cha pombe ya mtama na mrija mrefu. Niliupitisha mrija kwenye ile nafasi ya pembeni. Uliingia sawasawa. Yeye alivuta kutoka ndani, nami nimeshika kibuyu nje kwenye mvua, na wanawake waliokuwa chini ya paa wakaanza kuimba, kwa sababu waliona bwana-arusi akimnywesha mke wake ambaye hakuna aliyemwona bado.

Ingekuwa gari limekwama kule kwenye mikaratusi, shangazi asingefika kabla ya giza. Lakini kutoka kona ya mwisho njia haikuwa ndefu, na mvua ilikuwa bado haijapungua tuliposikia wimbo mwingine ukijibu wa kwetu kutoka chini. Ukatokea kwenye migomba msafara wa wanawake waliokuwa wakipalilia viazi, majembe mabegani, na mbele yao Nyirahabimana, kapu kichwani, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Wawili kati yao walibeba mtungi. Alikuwa amewaambia njiani kwamba anampeleka binti yake kwa mume, nao wakaacha kazi wakamfuata.

Hakumsalimu mtu. Alilitua kapu mikononi mwa mama yangu, akaja moja kwa moja kwenye gari.

"Nani amefungua huu mulango?"

"Hakuna, Shangazi," nilisema.

"Nani ameshusha mutoto?"

"Hakuna."

Akaufungua. Languida alikuwa amekaa wima, uso chini ya ushungi, mrija bado mkononi. Shangazi aliinama, akamshika kifundo cha mguu, akautoa mguu nje kidogo, kwenye hewa. Akafungua ncha ya ushungi wake mwenyewe, mweupe, akaufuta ule wayo kwa nguvu, kutoka kisigino mpaka vidoleni. Akafanya hivyo kwa mguu wa pili. Kisha akakiinua kitambaa juu, kwenye mvua, akakizungusha ili baba yangu, wazee, na wanawake wenye majembe wakione.

Hakikuwa na alama hata moja ya udongo. Chini yake, miguu ya Nyirahabimana mwenyewe ilikuwa imezama kwenye tope letu la Mudende.

"Mukwe wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniangalia akitabasamu, "mbona munasimama? Tandikeni mukeka."